Mteremko wa Vidole Tisa

Mvua ya kwanza baada ya mifereji kufungwa paani ilinyesha Jumanne mchana, na maji yote yakakimbilia upande usio na tanki.

Nadine alikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. Aliisikia mvua ikishuka mlimani kabla haijafika kwao Mweso, akaacha sufuria motoni na kutoka mbio kwenda kusimama kando ya tanki jipya jeusi. Siku kumi na moja walikuwa wakiingoja mvua hii. Juu ya mabati kelele zilikuwa za kuziba masikio, lakini alipoegemeza kichwa kwenye tanki hakusikia kitu ndani. Tone moja likaanguka. Kisha kimya. Kisha tone jingine.

Akainua macho. Mfereji wa plastiki wa kijivu, uliofungwa chini ya ukingo wa paa kuanzia upande wa jikoni, penye tanki, hadi chumba cha mama mkwe wake, ulikuwa umejaa, na maji yalikuwa yakienda vizuri sana. Ila yalikwenda kinyume. Yalikimbia mita zote kumi mpaka ncha ya pili, ile iliyozibwa kwa kifuniko, yakafurika pale na kumwagika kwa wingi chini ya ukuta wa chumba cha mama mkwe huyo, Koko Dancille.

Kabla ya mifereji, maji ya paa hilo yalidondoka kidogo kidogo mbele ya nyumba nzima, na ardhi ikayanywa. Sasa mvua ya paa zima ilikuwa imekusanywa na kutupwa mahali pamoja, na ukuta wenyewe ulikuwa wa miti na udongo. Nadine alichukua beseni kubwa, akakimbia nalo chini ya maporomoko yale. Lilijaa kabla hajainuka. Akalimwaga, akalirudisha, likajaa tena.

"Nani anamwaga maji huko inje?" Koko Dancille aliuliza kutoka kitandani.

"Ni mvua, Koko."

"Mvua ya namna gani, ya kupiga ukuta? Tangu nizaliwe sijaona mvua ya hivyo."

Grégoire, mume wa Nadine, alirudi jioni amelowa, daftari la kamati ya maji limefichwa ndani ya koti. Alikuwa sekretari wa kamati ya mtaa. Ndiye aliyeandika majina ya nyumba kumi na mbili zilizopewa mifereji na tanki na mradi uliotoka Goma, na ndiye aliyetia sahihi ya kwanza. Nadine alimpeleka upande wa chumba cha Koko, akamwonyesha shimo ambalo maji yalikuwa yamelichimba chini ya ukuta. Mkono uliingia mpaka kiwiko.

"Injeniere wa mradi atakuya kuangalia," Grégoire alisema.

"Atakuya siku gani? Panda wewe mwenyewe. Ni kushusha upande wa tanki tu."

"Nadine, karatasi ya mradi inasema wazi. Mwenye nyumba haruhusiwi kugusa kitu mpaka kazi ipokelewe. Ukigusa, wanakutoa kwenye liste. Mimi sekretari njo niwe wa kwanza kutolewa?"

Nadine alikwenda kutafuta mawe ya kuziba shimo.

*

Jumatano asubuhi Injeniere Védaste alipita na pikipiki yake, akikagua nyumba moja baada ya nyingine bila kuzima injini. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, viatu vya mpira safi, kofia ya mradi kichwani. Nadine alimsimamisha barabarani. Ilibidi ashike usukani wa pikipiki ili asiondoke.

"Injeniere, gutiere yetu, huu mufereji, inapeleka maji upande mubaya. Inaanguka kwa ukuta ya mama mukwe."

Védaste alizima injini, akaitazama nyumba kutoka pale pale. "Mama, ile ni mvua ya kwanza. Mufereji mupya bado haujakaa. Itakaa."

"Haitakaa. Haikuinama kwa tanki, imeinama kwa Koko. Wewe ulifuata ubao wa paa. Ule ubao haiko sawa, sababu nyumba ilishazama upande ule tangu zamani. Hata mulango wa Koko unajifungua wenyewe. Ulipima na nini?"

Watu walikuwa wameanza kusimama. Mama Fifi, jirani anayeuza mafuta ya pikipiki kwa chupa kando ya barabara, aliweka chini funeli yake ili asikie. Na Grégoire akatokea, akifunga kifungo cha shati haraka haraka.

"Mama, ulisomea wapi?" Védaste aliuliza.

"Itebero."

"Itebero! Université ya Itebero, kule Walikale, musituni?"

Kicheko kilizuka. Vijana wawili wa pikipiki walicheka, na muuza sabuni akacheka. Nadine aliweza kuvumilia hao. Lakini alimwona mume wake, amesimama na daftari lake, naye anacheka, akimtazama Védaste usoni kama mtu anayetaka kuhesabiwa upande wa wanaocheka.

Kwao Itebero baba yake alikuwa akipasua mianzi na kuifunga chini ya paa za majani, na maji yalifika kwenye mtungi kila mara, kwa sababu asiyejua kuinamisha mwanzi alitembea nusu siku kutafuta maji. Nadine alikuwa ameshika upande wa pili wa kamba tangu akiwa na miaka saba. Angeweza kuyasema hayo. Lakini maneno yaliyotoka yalikuwa haya tu:

"Ulipima na nini?"

"Acha kuchelewesha Injeniere," Grégoire alisema.

Védaste aliwasha pikipiki. Nivo yake, kile chombo cha mafundi chenye povu la hewa katikati, ilikuwa imefungwa nyuma ya kiti kwa mpira. Karatasi ya duka bado ilikuwa imeizunguka. Nadine aliitazama ikienda zake mpaka ilipopinda kona.

*

Alhamisi mvua ilianza saa saba mchana na haikukatika mpaka saa kumi. Nadine alikuwa shambani akipalilia maharage. Alipoona wingu linavyokuja alitupia jembe begani na kukimbia, lakini njia ya Mweso ni ya kupanda na kushuka, na udongo ulikuwa umekwisha kuwa sabuni.

Ukuta haukuanguka kwa kishindo. Mama Fifi, aliyeuona, alisema ulikaa chini taratibu, na miti ya ndani ikabaki imesimama peke yake kama mbavu. Udongo mbichi ulimwangukia Koko Dancille kitandani kuanzia kiunoni hadi begani. Mama Fifi na wasichana wawili wa Nadine, waliokuwa wametoka shule, walimchimbua kwa mikono. Nadine alipofika walikuwa wamekwisha kumtoa. Kizee yule alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, nywele nyeupe zimejaa tope, mkono wa kushoto unaning'inia.

"Usiniguse," alimwambia Nadine. Kisha akaanza kutetemeka, na Nadine akamgusa.

Walimbeba kwa kiti hadi hospitali. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Walimfunga mkono kifuani kwa bendeji, wakampa dawa za maumivu, wakasema arudi baada ya wiki mbili. Maharage ya mbegu, yaliyowekwa kwa msimu ujao, yaliuzwa siku hiyo hiyo mlangoni pa soko ili kulipa.

Grégoire alimpigia Védaste simu akiwa uani hospitalini. Nadine alisimama karibu naye makusudi, ili asiweze kupunguza maneno.

"Ukuta umeanguka, Injeniere... Ndiyo... Mama yangu ameumia... Hapana, hakufa." Akasikiliza, na sura yake ikabadilika. "Kesho kutwa? Jumamosi hii?"

Alipokata simu alibaki ameishika tu.

"Amesema nini?" Nadine aliuliza.

"Amesema pole sana. Atatutumia shitingi, turubai ya kufunika shimo." Akarudisha simu mfukoni. "Na wakubwa wanatoka Goma Jumamosi kuangalia mifereji. Wataanzia kwetu."

"Vizuri. Waone."

"Nadine," Grégoire alisema, "tafazali."

*

Ijumaa asubuhi akina mama wa nyumba kumi na mbili waliitwa kwa Nadine, na kila mmoja akaambiwa aje na bidon, dumu la maji. Védaste alikuwa amekwisha kufika. Ngazi ya mradi ilikuwa imeegemezwa ukutani na shitingi imekunjwa chini yake. Alizungumza taratibu, kwa heshima, kama mtu anayetangaza ndoa kanisani.

"Wamama, kesho wageni watafungua robine ya hii tanki. Maji lazima itoke. Mvua ya wiki hii haikuingia vizuri kwa sababu ya upepo. Kwa hiyo tunasaidiana. Bidon mbili kila mutu, tunafika nusu ya tanki, inatosha kwa foto."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Mama Fifi ndiye aliyeuliza.

"Unasema tuchote maji kwa chemchemi, tumwage ndani ya tanki ya mvua?"

"Kwa siku moja tu, mama. Projet ikipita vizuri, mwaka ujao kutakuwa nyumba zingine hamsini. Mukikataa, mutakuwa mumewanyima wale hamsini."

Chemchemi iko bondeni. Kushuka ni dakika ishirini, kupanda na lita ishirini mgongoni, kamba imekaza paji la uso, ni karibu saa nzima. Njia ilikuwa telezi kutokana na mvua ya jana, mvua ile ile ambayo ingalijaza tanki pasipo mtu kuinua kidole. Walishuka. Hakuna aliyeimba. Mwanamke mmoja mjamzito, mkimbizi aliyepanga nyumba ya tatu, aliteleza akakaa chini, bidon ikabingirika hadi majini, akarudi kuijaza upya. Nadine alimwona akifuta tope kwenye magoti na akajisemea moyoni: ninabeba huu uongo kwa kichwa changu mwenyewe.

Hata hivyo aliubeba. Alimwaga bidon ya kwanza, akashuka tena. Aliporudi na ya pili alimkuta Védaste amepanda kiti, akipigilia shitingi mbele ya chumba kilichobomoka. Jina la mradi lilikuwa limeandikwa katikati kwa herufi kubwa za buluu. Na Koko Dancille alikuwa amesimamishwa uani, amefunikwa blanketi, anayumba.

"Koko anaenda wapi?" Nadine aliuliza huku mzigo ukiwa bado mgongoni.

"Kwa jirani, mpaka kesho mangaribi," Védaste alijibu bila kugeuka. "Madame Astrid njo mukubwa wa programu. Haifai aingie tu na akutane na mambo ya huzuni. Nimeshaongea na mume wako."

Nadine alishusha bidon. Aliishusha polepole, akaondoa kamba kwenye paji la uso, akaikunja. Alikwenda kwenye tanki na kufungua robine yote. Maji yakaruka juu ya miguu yake.

"Mama Fifi!" aliita. "Leta bidon yako. Jaza, upeleke kwako. Na wewe dada mwenye mimba, kuya. Yako njo ya kwanza. Kila mutu arudishe maji yake nyumbani."

"Unafanya nini?" Védaste aliruka kutoka kitini.

"Haya maji iko ya hawa wamama. Wameibeba kwa shingo. Kama unataka maji ndani ya tanki yako, iko bidon pale. Chemchemi iko chini. Hata wewe iko na shingo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wanawake walisimama kwenye mstari, na robine ikaendelea kutoa. Védaste alijaribu kupita ili aifunge, Mama Fifi akaweka bidon yake katikati ya njia na kuinama juu yake, akichukua muda wake.

"Nitaandika," Védaste alisema. "Majina yote." Akavaa kofia vizuri, akapanda pikipiki. Hakuchukua ngazi.

*

Nadine alimrudisha Koko ndani, akamlaza sebuleni, kisha akamwomba Mama Fifi ule mpira wake mwembamba, unaoonyesha ndani, anaoutumia kunyonya mafuta kutoka kwenye pipa.

"Unanuka petroli," Mama Fifi alisema.

"Maji haiogope harufu."

Waliujaza maji. Mama Fifi akashika ncha moja upande wa Koko, usawa wa mfereji, na Nadine akapanda ngazi upande wa tanki na ncha nyingine. Maji ndani ya mpira yalicheza, yakatulia. Nadine alitia alama ya mkaa pale yalipotulia. Kisha akapima kwa vidole kutoka alama hadi mfereji, akapima tena kwa sababu hakuamini. Upande wa tanki ulikuwa juu kwa vidole vinne. Mtu yeyote mwenye mpira na maji angaliliona hilo kwa muda wa kunywa chai.

"Vidole vinne vya kuondoa kosa," alimwambia Mama Fifi kutoka juu, "na vitano vya kuvuta maji, nusu kidole kila mita. Tunashusha tisa."

Upande wa Koko aliuacha ulivyo. Alipigilia msumari vidole tisa chini upande wa tanki, akavuta kamba kutoka ncha hadi ncha mpaka ikalia ilipoguswa. Vyuma vinavyoshikilia mfereji vilikuwa kumi na kimoja. Alivifungua kimoja kimoja kwa bisibisi, akivishusha vifuate kamba, huku Mama Fifi akiinua mfereji kwa mti wenye panda usije ukavunjika kwa uzito. Jua lilitoka. Vumbi la ubao lilimwingia machoni. Kwa kila skrubu aliyokaza hasira ilizidi, kwa sababu ilikuwa rahisi. Isingekuwa rahisi namna ile, labda angesamehe.

Bomba linaloteremka kutoka mfereji hadi tanki lilibaki refu mno, kwa vidole vile vile tisa. Ilibidi likatwe. Alikuwa ameweka msumeno juu yake Grégoire alipoingia uani, anahema.

"Nadine! Teremuka! Védaste amenikuta mbele ya watu wa kamati. Umemwaga maji ya tanki? Umefungua vyuma?" Akaona msumeno. "Usikate. Ukikata hakuna kurudisha."

"Ndiyo. Haitarudi."

"Nimetia sinyatire yangu kwa karatasi!"

"Na mimi nimechimba tope ndani ya masikio ya mama yako. Jana wewe ulikuwa kwenye simu, unasema 'Ndiyo, Injeniere'. Ulimuambia unakubali tumufiche kama muzigo wa magendo?"

Grégoire alishika ngazi kwa mikono miwili, na kwa muda Nadine hakujua kama anataka kuitikisa.

Sauti ya Koko Dancille ikatoka ndani, kavu. Katika miaka kumi na sita hakuwahi kumsifu mkwe huyu wa kutoka msituni, na wala hakuanza siku hiyo.

"Grégoire! Shika hiyo ngazi vizuri. Huyu akianguka, nani ataniogesha? Wewe?"

Grégoire aliishika vizuri. Nadine akakata.

*

Magari mawili yalifika Jumamosi saa nne. Mvua ilikuwa haijanyesha tena, na tanki lilikuwa tupu. Madame Astrid alishuka na watu watatu, akasalimia kila mtu kwa mkono, hata watoto. Alikuwa mwanamke mpole, miwani midogo, na aliuliza majina na kuyakumbuka. Nadine alikuwa amemketisha Koko mbele ya nyumba, juani, mkono umefungwa kifuani. Shitingi aliikunja na kuiweka kando, na chumba kilikuwa wazi kama mdomo.

Mtu mwenye kamera alifungua robine. Hakikutoka kitu.

"Madame, njo hiyo nilikuambia," Védaste alisema haraka. "Benefisiere, huyu mwenye nyumba, amefungua vyuma, amekata bomba. Sabotaje, ameharibu makusudi. Gutiere ilikuwa inafanya kazi."

"Ni kweli, Mama Nadine?" Madame Astrid aliuliza.

"Nilikata. Lakini haikuwa inafanya kazi. Angalia."

Hakungoja ruhusa. Alichukua ndoo, akapanda ngazi upande wa Koko, akamwaga ndoo nzima ndani ya mfereji. Wote wakainua macho. Maji yaliteleza mbele ya nyumba, yakipita juu ya vichwa vyao, bila haraka na bila kusimama, yakaingia bombani, na ndani ya tanki tupu yakapiga kelele kubwa. Mtu mwenye kamera alitabasamu bila kutaka.

"Vile Injeniere alifunga, haya maji ilikuja huku," Nadine alisema kutoka juu, akionyesha ukuta usiokuwapo. "Ikaangusha ukuta juu ya huyu mama. Na jana tuliambiwa tubebe maji ya chemchemi, tujaze tanki, ili wewe ufungue robine na ufurahi. Na huyu mama afichwe. Uliza wamama wote."

Wanawake walikuwa wamejaa kando ya uzio. "Njo hivyo!" Mama Fifi alisema kwa nguvu, na wengine wakaitikia.

Madame Astrid alitazama ukuta, akamtazama Koko, akamtazama Védaste, ambaye alikuwa akiangalia viatu vyake. Alivua miwani, akaifuta. Nadine aliona kwamba ameelewa. Aliona pia, kabla mwanamke yule hajafungua mdomo, kwamba kuelewa kwake hakutaleta lolote.

"Mama Nadine, nimeona. Pole sana kwa Koko. Lakini kuna procédure, kuna utaratibu. Vifaa bado viko vya mradi. Kama kila nyumba itakata bomba yake, mimi nitaandika nini kwa wanaotoa pesa? Mulipaswa kuleta malalamiko kwa kamati."

"Sekretari wa kamati njo mume wangu. Anasimama pale."

Macho yote yakamgeukia Grégoire. Daftari lilikuwa kwapani. Nadine hakumtazama, hakutaka kumwona akicheka tena.

"Aliniletea malalamiko Jumanne," Grégoire alisema, akitoa daftari kwapani. "Jumanne. Sikuandika. Niliogopa. Na jana mimi njo nilishika ngazi. Kwa hiyo muandike watu wawili."

"Basi itabidi kamati itafute sekretari mwingine," Madame Astrid alisema kwa huruma. "Na ukuta... kujenga kuta haiko ndani ya programu, samahani." Akageuka kwa Védaste na kumnong'oneza kwa Kifaransa. Védaste alitikisa kichwa mara nyingi. Wageni wakapanda magari kwenda nyumba ya pili, ambako tanki lilikuwa limejazwa kwa bidon tangu alfajiri kwa amri ya Védaste. Robine ilitoa maji, wakapiga picha.

*

Mvua ilirudi Jumapili, wakati watu wakitoka misa. Ilinyesha kwa muda wa saa mbili. Tanki la Nadine lilijaa hadi juu na kumwaga ziada, na chini ya mabaki ya ukuta wa Koko ardhi ilibaki kavu.

Jumatatu walikuja wanaume wanne na gari dogo, na karatasi ya mradi, kulichukua tanki. Walilisukuma, halikutikisika, lita elfu moja zilikuwa ndani.

"Mama, tunaimwaga," mkubwa wao alisema, akitafuta robine.

"Mutamwaga wapi? Kwa msingi ya nyumba yangu?" Nadine alisimama mbele ya robine. "Kaeni chini. Ngojeni."

Alituma binti zake nyumba kwa nyumba. Wanawake walikuja na bidon, masufuria, hata mabeseni ya kuogea. Mwanamke mjamzito wa nyumba ya tatu alibeba safari nne. Wale wanaume waliketi kwenye gari lao wakitazama kwa muda wote ule, na mmoja, aliyekuwa mkubwa kwa umri, hatimaye alishuka akaanza kusaidia kuinua bidon kuziweka migongoni. Maji ya tanki yalipokwisha walilipakia. Grégoire, ambaye hakuwa sekretari tena na alikuwa akikanda udongo wa ukuta mpya tangu asubuhi, aliwatazama wakiondoka, kisha akabingirisha pipa kuukuu na kulisimamisha chini ya bomba. Alikuwa bado hajaomba msamaha kwa kile kicheko cha barabarani, na Nadine alikuwa bado anausubiri.

Jumanne Mama Fifi alikuja na mpira wake shingoni.

"Gutiere yangu inapeleka maji kwa choo," alisema. "Na ya nyumba ya tatu inaenda kwa njia. Tumehesabu. Kati ya kumi na moja zilizobaki, saba iko mubaya."

"Watawatoa kwa liste. Watachukua tanki."

"Wachukue saba, basi. Waje na gari saba, mbele ya watu wote, waeleze sababu gani."

Walianza kwa Mama Fifi. Ngazi ya mradi ilikwisha kuondoka na tanki, wakaazima ya mchungaji. Kufikia saa nne kamba ilikuwa imevutwa, vyuma sita vimefuata, na uani walikuwa wamekusanyika wanawake wa nyumba zote saba pamoja na waume watatu, kila mmoja akitaka ajaribu kushika mpira aone maji yanavyotulia. Nadine aliwaonyesha mmoja mmoja. Hakuwa na furaha. Alikuwa akifikiria maharage ya mbegu, na bega la kizee, na jinsi kazi hii yote ilivyohitaji mpira wa kunyonyea mafuta tu.

Pikipiki ilisimama mbele ya uzio. Védaste alishuka, simu mkononi.

"Mama Nadine. Teremuka. Ninakuambia kwa mara ya mwisho."

Nadine hakugeuza kichwa. Alikaza skrubu ya chuma cha saba mpaka bisibisi ikagoma.

"Njo wewe?" alisema. "Vizuri umefika. Kama unataka kuandika, andika na nyumba ya tatu, tunaenda kule saa nane. Na usisimame hapo ulipo, unatuzibia mwanga." Kisha akamwambia Mama Fifi ainue kidogo upande wake, akasogeza ngazi hatua moja kuelekea chuma cha nane.